Kabla ya kununua darubini ya kijeshi ya Kijapani ya zama za Vita vya Pili vya Dunia

Anza na maandishi, si maneno ya muuzaji. Yako kwenye vifuniko vya prizimu (vioo vya pembe vinavyopindisha mwanga ndani ya darubini), vile vibamba viwili vya upande wa macho, kushoto na kulia. Nenda na tochi ndogo na kioo cha kukuzia, maana rangi nyeusi ya zamani huyafunika. Ukisoma 7x50 7.1°, maana yake inakuza mara 7, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 50, na upana wa mwonekano ni nyuzi 7.1.

Hapo ndipo wengi hupigwa. Baada ya vita, viwanda vya Japani viliuza nje darubini nyingi za kiraia zenye umbo lilelile. Ukikuta nyuzi 7.1 zimefuatwa na "372 ft at 1000 yds", yaani upana wa futi 372 kwa umbali wa yadi 1000, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Neno "Coated", stika ya dhahabu yenye "PASSED", au namba inayoanza na JB karibu na bawaba vinasema hivyohivyo. "Made in Occupied Japan" ni ya miaka ambayo Japani ilikaliwa na majeshi ya Washirika baada ya vita, ukaliaji uliokwisha 1952. Zaweza kuwa darubini nzuri sana, ila usizilipie bei ya kijeshi.

Kwa zile za vita, majina mawili ndiyo makuu. Nippon Kogaku, iliyoanzishwa 1917 na leo ni Nikon, ilihudumia zaidi jeshi la majini. Tokyo Kogaku, ya 1932, ilihudumia zaidi jeshi la nchi kavu. Alama ya nanga ni ya majini. Mwaka wa Showa, yaani wa utawala wa mfalme Hirohito, uongezee 1925: Showa 16 ni 1941. Namba ya aina ni jambo jingine. Aina ya 93 imetokana na tarakimu mbili za mwisho za mwaka 2593 wa kalenda ya kifalme ya Japani, yaani 1933, na huo ni mwaka wa muundo, si lazima uwe wa kutengenezwa kwa hiyo uliyoshika.

Kisha kagua vioo, na hapa usikubali kuharakishwa. Mulika tochi kupitia lenzi ya mbele huku ukichungulia kwa pembeni. Nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu, na ikikaa muda mrefu hula uso wa kioo. Hata ukiisafisha alama hubaki. Utando wa moshi mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani, na huo husafishika. Mabaka yenye rangi za upinde wa mvua ukingoni mwa lenzi ya mbele yanaonyesha kuwa gundi inayounganisha vioo viwili imeachia: kazi ya fundi mzoefu, na ya gharama.

Ishike mbali na uso kiasi cha sentimita 30, uielekeze angani, kamwe si kwenye jua. Katika kila lenzi ya jicho utaona duara la mwanga. Kwa 7x50 lina milimita 7 hivi. Likikatika upande mmoja, huenda prizimu imehama. Halafu tazama ukingo wa paa la mbali kwa macho yote mawili: paa likigawanyika mara mbili, mirija hailingani. Usinunue ukitegemea kuilinganisha mwenyewe kwa bisibisi ya nyumbani. Prizimu ni nne, na kila moja lazima irudi mahali pake na kwa upande uleule.

Unga mweupe kwenye alumini ni kutu ya chumvi ya bahari. Ukiambiwa kitu kimetoka kwenye meli za Kijapani zilizozama Chuuk, visiwa vya Mikronesia katika Pasifiki, kiache: mabaki yale yanalindwa, na mle wamelala watu. Na kwa kuwa askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani Burma mwaka 1944, familia yenye darubini ya mzee wao aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) iitunze pamoja na hati zake za jeshi; bila hizo, asili yake haithibitiki.

Andaa mahali pa kuiweka kabla haijafika. Kasha lake la ngozi lihifadhi kando, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kulisha kuvu. Tumia boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika jeli ya kufyonza unyevu, na kipima unyevu kisome kati ya asilimia 40 na 50.