Somo: Uji wa mtoto wa miezi 6, na kwa nini nafaka kumi hazimsaidii

Kila mara naulizwa uwiano wa unga wa lishe. Mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, uwele, soya, karanga… orodha inarefuka kama ya mahari. Nafaka kumi bado ni nafaka. Ni fungu moja la chakula lenye majina mengi, na tumbo la mtoto linajaa kwa kikombe kimoja cha chai.

Hatua ya 1: Unga. Nafaka moja yatosha, zikizidi ziwe mbili. Mimi natumia mahindi na ulezi. Mahindi yachambue kwenye ungo mchana, punje kwa punje: iliyosinyaa, yenye doa jeusi au ukungu wa kijani, tupa, wala usimpe kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga nazo hushikwa sana na sumu hiyo, tena zikisagwa na nafaka unga huchacha upesi. Ziweke kando hadi Hatua ya 4.

Hatua ya 2: Kimea. Hapa ndipo penye siri, na bibi zetu waliijua kwenye togwa. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili hadi uchipue. Anika ukauke kabisa, sugua machipukizi yatoke, pepeta, saga.

Hatua ya 3: Kupika. Pika uji mzito hasa, mwiko usimame. Epua, uache uwe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Dakika chache tu mwiko unaanza kulala, uji unalegea kana kwamba umeongeza maji, na hujaongeza hata tone. Rudisha jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi kina vijidudu. Sasa kikombe kilekile kimebeba unga mwingi zaidi kuliko ule uji mwepesi wa kila siku.

Hatua ya 4: Mafungu mengine yaingie sufuriani. Leo yai, kesho unga wa dagaa (toa vichwa, osha mchanga kabla ya kukausha na kusaga), keshokutwa maharage yaliyopondwa au karanga ulizosaga siku hiyohiyo. Boga au karoti ipate kijiko cha mafuta, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uichukue. Juisi kidogo ya chungwa baada ya maharage husaidia madini ya chuma kufyonzwa.

Anza na vijiko viwili vitatu. Miezi 6 hadi 8 mpe mara 2–3 kwa siku, kuanzia miezi 9 mara 3–4. Ziwa liendelee.

MASWALI

*Mama mkwe anasema nianze miezi minne, mtoto analia usiku.*
Pole dada. Maziwa ya mama yanatosha hadi miezi 6, hata maji hahitaji, na si kila kilio ni njaa. Usibishane naye. Siku ya kliniki nenda naye, amsikie nesi mwenyewe.

*Huku kwetu ulezi bei juu. Kimea cha mtama je?*
Machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi. Kwa mtoto sitaki ubahatishe. Kimea ni kijiko tu kila upikapo, kwa hiyo nusu kilo ya ulezi inakufikisha mwezi na zaidi.

*Nitie asali badala ya sukari?*
Asali hapana kabla ya mwaka mmoja; inaweza kuwa na bakteria wanaolegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kupumua. Sukari pia haina kazi hapo. Ponda ndizi mbivu.

*Naenda kazini saa 12 asubuhi. Naruhusiwa kuacha uji kwenye chupa ya chai hadi jioni?*
Hapana, kaka. Uji unapoa polepole mle ndani, na lile vuguvugu ndilo wanalolipenda vijidudu. Mwachie dada wa nyumbani unga uliopimwa kwenye vikopo vitatu, kimea kwenye karatasi pembeni, apike kila mlo wake.