Kurekebisha hitilafu za kujenga programu iliyopachikwa Lua

Lua ni lugha ndogo ya programu inayopachikwa ndani ya programu nyingine; msimbo wake wenyewe umeandikwa kwa lugha ya C na hukompailiwa karibu kila mahali bila taabu. Matatizo huanza pale unapouunganisha na programu yako. Anza na ujumbe wa kwanza wa hitilafu, kwa kuwa inayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu.

Kwenye Linux, linka (zana inayounganisha vipande vya msimbo uliokompailiwa) ikilalamika kwamba haizioni fanksheni kama dlopen au pow, ongeza -ldl na -lm (maktaba za mfumo zenye fanksheni hizo) baada ya maktaba ya Lua, kwani mpangilio wa maktaba katika amri una maana. Ikiwa programu inajengeka lakini moduli za C zinashindwa kupakiwa inapoendeshwa, tumia -Wl,-E ili programu kuu izionyeshe moduli hizo alama zake, yaani majina ya fanksheni zake. Usishawishike kuiweka nakala nyingine ya Lua ndani ya moduli: kosa litatoweka kwenye linka, kisha programu ianguke baadaye mahali pasipotarajiwa.

Kwenye macOS, moduli hujengwa kwa -undefined dynamic_lookup, ili fanksheni za Lua zitafutwe moduli inapopakiwa. Kwenye Windows, ukitaka Lua iwe DLL (maktaba inayopakiwa programu inapoendeshwa), fafanua LUA_BUILD_AS_DLL unapojenga maktaba yenyewe na pia msimbo unaoitumia, la sivyo fanksheni zake hazitaonekana nje.

Anayetumia C++ ajumuishe lua.hpp badala ya lua.h. Kujumuisha lua.h ni kosa dogo ambalo halitegemei mfumo wowote, lakini mara nyingi husingiziwa mfumo.