Jinsi ya kuomba uzamili wa sheria ya haki za binadamu unaosomwa katika nchi zaidi ya moja

Kabla hujafungua fomu, soma sifa za mwombaji neno kwa neno. Programu ya Chuo Kikuu cha Pretoria ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika, iliyoanza mwaka 2000, kwa kawaida inataka shahada ya sheria. Nusu ya kwanza ya mwaka husomwa Pretoria, ya pili katika chuo mshirika cha nchi nyingine ya Afrika. Programu dada ya Ulaya huanzia Venice, kisha wanafunzi husambazwa katika vyuo zaidi ya 40; hiyo hupokea hata waliosoma fani nyingine za sayansi ya jamii. Asiye na shahada ya sheria aulize kwanza kabla ya kupoteza muda na ya Pretoria, hata awe amefanya kazi kwenye asasi miaka 10.

Anza na karatasi zilizo mikononi mwa watu wengine. Fomu utaijaza usiku mmoja ukitaka, lakini transkripti (orodha rasmi ya masomo na alama zako) na barua za mapendekezo huwezi kuzikimbiza. Wape wahadhiri wako wiki 6, pamoja na wasifu wako na rasimu ya barua yako ya maombi, ili waandike kuhusu kazi yako badala ya kukusifu juu juu. Mara nyingi mfumo wa chuo humtumia mhadhiri kiungo kwa baruapepe, na kiungo hicho huishia kwenye folda ya taka. Mpigie simu siku hiyohiyo aangalie.

Linganisha majina. Cheti kikiwa na majina mawili na pasi ya kusafiria matatu, andaa hati ya kiapo mapema na uiambatishe bila kusubiri kuulizwa. Nyaraka zikihitaji kuthibitishwa, nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 hutumia muhuri wa apostile, yaani uthibitisho mmoja unaokubaliwa na nchi wanachama wote. Nyingine hupitia wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Tafsiri iache mwisho, kwa sababu mihuri nayo mara nyingi hutakiwa kutafsiriwa. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2 tu, kwa hiyo yapime na tarehe ya kufungwa kwa dirisha la maombi.

Barua ya maombi ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Sentensi kama "tangu utotoni nimechukia dhuluma" anayesoma mafaili ameshaiona mara nyingi mno. Anachotafuta ni swali la kisheria ambalo haliwezi kujibiwa ukiwa umekaa nchi moja. Chukua suala la muda wa kupeleka shauri kwenye chombo cha haki za binadamu cha bara zima, baada ya kumaliza njia zote za kisheria za ndani ya nchi. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu unatoa miezi 4 (ilikuwa 6 hadi Februari 2022). Mkataba wa nchi za Amerika unatoa miezi 6. Mkataba wa Afrika, ibara ya 56(6), unasema tu muda unaofaa. Je, ulegevu huo wa Afrika unamsaidia mlalamikaji asiye na wakili, au unamwacha akitegemea mizani ya jaji? Swali la namna hiyo, likifuatwa na aya moja inayoonyesha mashauri utakayosoma na kwa nini uyasomee katika chuo ulichokitaja, linatosha kubeba kurasa 2.

Chuo cha muhula wa pili usikichague kwa uzuri wa mji. Tazama nani anafundisha mada yako na kwa lugha gani. Wapo washirika wanaofundisha kwa Kifaransa.

Kuhusu ufadhili, soma kama kuna kisanduku cha kuweka alama ndani ya fomu ileile. Ukikiruka, unahesabiwa kuwa utajilipia. Tarehe ya mwisho ya wanaoomba ufadhili nayo huweza kutangulia ya wengine kwa wiki kadhaa. Programu za Erasmus Mundus, yaani uzamili wa pamoja unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, humpa mfadhiliwa euro 1,400 kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi 24, naye hatozwi ada. Fedha hiyo ndiyo hiyo ya nauli, visa na kujikimu, kwa hiyo usitarajie nyongeza ya tiketi.

Visa ndiyo inayowashtua waliokwisha kupokelewa. Kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen (ukanda wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) kinakuruhusu kukaa nchi nyingine za ukanda huo siku 90 tu katika kila siku 180, wakati muhula ni mrefu kuliko hapo. Maagizo ya Umoja wa Ulaya namba 2016/801 yanamruhusu mwanafunzi wa programu ya pamoja kusoma nchi ya pili hadi siku 360, lakini nchi hiyo inaweza kudai ipewe taarifa kwanza, na Denmark na Ireland hazimo. Uingereza ina visa yake peke yake. Muulize mratibu kwa maandishi ni kibali gani kinatakiwa kila muhula, na ubalozi upi unakitoa.

Pasi itakayoisha kabla ya masomo kumalizika ibadilishe kabla ya kuomba, kwa sababu namba yake ikishaingia kwenye fomu, barua ya udahili na visa, kuirekebisha mahali pote huko kunaweza kuchukua wiki nyingi.