Maandishi yanayokimbia: fonti nene ya mlazo kwa jezi na stika

Mteja wa jezi za ndondo akikwambia anataka jina la timu "lionekane linakimbia", anataka herufi nene za mlazo. Tufanye na neno MBIO, ndani ya Inkscape, programu ya bure ya kuchora kwenye kompyuta.

Hatua ya 1. Shusha fonti ya Kanit kutoka Google Fonts. Ni ya bure hata kwa kazi ya biashara. Imetengenezwa na Cadson Demak wa Thailand, na jina lenyewe kwa Kithai ni hisabati. Ina unene wa aina 9, kila mmoja na mlazo wake. Chukua Black Italic, yaani ile nene kabisa ya mlazo.

Usichukue ile iliyosimama ukailaza mwenyewe. Jaribu uone: O inanenepa juu kulia na chini kushoto, halafu inakonda pembe mbili zilizobaki, kama tairi lililokaliwa. Mlazo uliochorwa vizuri huwa umeshasawazishwa kingo hizo.

Hatua ya 2. Andika MBIO kwa herufi kubwa. Weka kasa (kile kimstari kinachopepesa unapoandika) kati ya herufi mbili, shika Alt, bonyeza mshale wa kushoto zisogeleane, wa kulia ziachane. Hapa usiiamini kompyuta. Mimi huipindua kazi juu chini. Neno likishakuwa halisomeki, jicho linabaki kupima mianya tu.

Hatua ya 3. Weka nakala pembeni (utaihitaji mteja akibadili jina, na atabadili). Kisha Shift+Ctrl+C kugeuza maandishi kuwa vekta, yaani maumbo ya kuchorwa, Shift+Ctrl+G kuzitenganisha herufi, na Ctrl na alama ya kujumlisha kuziunga ziwe umbo moja.

Hatua ya 4. Mikato ya upepo. Chora pembetatu tatu ndefu, nyembamba, kitako kikiwa nje kidogo ya mguu wa kushoto wa M na ncha ikielekea kulia. Chagua neno na pembetatu moja, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Rudia kwa kila moja. Ishia kwenye M. Ukiikata na B, watu wataanza kubahatisha kusoma. Na mkato ukiwa chini ya milimita 2, utalaani siku ya kung'oa mabaki ya vinili, ile plastiki ya stika.

Hatua ya 5, kwa wanaobandika kwenye vyombo vya moto. Ubavu wa kulia wa bajaji, mlazo unaelekea mbele, safi kabisa. Ubavu wa kushoto, herufi zilezile zinalalia nyuma. Niliwahi kubandika pande zote mbili bila kufikiri, mwenye bajaji akasimama kushoto, akaniuliza: "Fundi, huku mbona inapiga rivasi?" Siku hizi ubavu wa kushoto naweka Kanit Black iliyosimama, mikato ya upepo naianzisha kwenye O, upande wa kulia, ncha zikielekea kushoto.