Namna ya Kujikinga na Ajali Wakati wa Mazoezi ya Kuruka na Kutua kwa Ndege Ndogo

Rubani mwanafunzi hutumia saa nyingi za mwanzo akiuzunguka uwanja, akiruka na kutua, kisha kuruka tena. Wakati wote huo ndege iko karibu na ardhi na kasi yake ni ndogo, hivyo kosa lililotokea hupata sekunde chache tu za kusahihishwa. Nashikilia kwamba jambo la kwanza la kufundishwa ni kuacha kutua, yaani kukatisha na kupaa tena, hata kabla ya kutua vizuri.

Hesabu zifanywe ndege ikiwa bado imeegeshwa. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 27 za Selsiasi, hewa yake huwa nyepesi kama ya mahali palipo zaidi ya futi 8,000. Injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Unapotua, kipimo cha kasi cha Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, kitaonyesha noti 65 (maili 65 za baharini kwa saa) zilezile, lakini upepo ukiwa umetulia ardhi itapita chini yako kwa kasi kubwa kuliko ya Mombasa. Mwanafunzi aliyetoka pwani huona anakimbia mno, akavuta usukani, kasi ikashuka hadi mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Tazama kipimo, usidanganywe na macho.

Patana na mkufunzi juu ya kimo cha kuamua, kwa mfano futi 300 kutoka ardhini. Ukifika hapo na kasi haijatulia, au hujanyooka na njia ya kurukia, ongeza nguvu zote, zuia pua isiinuke kupita kiasi, kanyaga pedali ya kulia, kisha punguza flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) hatua kwa hatua kadiri ndege inavyopanda.

Ndege ikidunda, usisukume pua chini kamwe. Ukisukuma, gurudumu la mbele hutangulia kugonga, ndege hudunda tena kwa nguvu zaidi, na mara nyingi mdundo wa tatu ndio unaovunja mguu wa mbele na kupinda rafadha. Ishikilie pua ilipo. Mdundo ukiwa mkubwa, ondoka ukazunguke upya.

Unapogusa na kuruka papo hapo, rudisha flapu na trimu (kirekebishi kinachosaidia kuishikilia pua ilipo) kwanza, uhakikishe njia iliyobaki inatosha, ndipo uongeze nguvu. Trimu iliyoachwa kama ya kutua huinua pua ghafla mara injini inaponguruma. Kwa wanaoanza, ningependelea wasimame kabisa, watoke kwenye njia, wapumue, kisha warudi mwanzo.

Injini ikizimika mara tu baada ya kuruka, shusha pua na utue mbele yako, kwa maana kugeuka kurudi uwanjani ukiwa chini kumeua marubani wengi, hata wazoefu.

Mwisho ni ndege nyingine. Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria karibu na Wilson, na watu wawili waliokuwa katika ile ndogo wakafariki. Kabla ya kila kona, tazama upande unaogeukia na usikilize redio ujue nani yuko wapi. Ukielezwa kuhusu ndege ambayo huioni, mwambie mwongozaji wa ndege waziwazi kwamba hujaiona, wala usigeuke kwa kukisia.