Namna ya Kupima Kiasi cha Asidi kwa Titresheni

Anayeanza kujifunza kemia ya asidi na besi huambiwa mapema kwamba pH, yaani kipimo cha ioni za hidrojeni (chembe zenye chaji) zilizomo katika kimiminika, ikiwa chini ya 7 kimiminika ni asidi, na kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Chukua mimumunyo miwili, mmoja wa asidi ya hidrokloriki na mwingine wa asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, kila mmoja ukiwa na moli 0.1 za asidi katika lita moja (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Wa kwanza una pH ya 1, na wa pili una pH ya 2.9 hivi, maana yake ni kwamba ioni za hidrojeni katika wa kwanza ni zaidi ya mara 70 ya zile zilizomo katika wa pili. Hata hivyo, ukiibatilisha asidi hiyo kwa besi hadi iishe, mimumunyo yote miwili itahitaji besi kiasi kilekile. Kipimo cha kwanza, yaani pH, kinahesabu ioni zilizokwisha kuachiliwa. Cha pili, ambacho ndicho titresheni, yaani kudondosha besi yenye ukolezi unaojulikana mpaka asidi iishe, kinahesabu asidi yote iliyomo. Asiyetenganisha mambo haya mawili atafanya titresheni nzuri kwa mikono yake na bado asielewe alichokipima.

Nguvu si sawa na ukolezi

Svante Arrhenius wa Uswidi, aliyewasilisha tasnifu yake mwaka 1884, ndiye aliyeweka msingi wa maelezo tunayoanzia hadi leo: asidi ni kitu ambacho kikiyeyuka majini hutoa ioni za hidrojeni, na besi hutoa ioni za hidroksidi. Mwaka 1923 Johannes Brønsted na Thomas Lowry, kila mmoja kwa njia yake, walipanua maelezo hayo kwa kusema kwamba asidi hutoa protoni, yaani ioni ya hidrojeni, na besi huipokea. Kwa kazi iliyo mbele yetu maelezo yote mawili yanafaa.

Asidi yenye nguvu, kama ya hidrokloriki au ya nitriki, huachilia karibu protoni zake zote mara inapoingia majini. Asidi dhaifu huachilia chache tu: katika mmumunyo wa asetiki niliotaja hapo juu, ni kama molekuli 13 tu katika kila 1,000 ambazo huwa zimeachilia protoni zake kwa wakati wowote ule. Zilizobaki hazijapotea. Besi ikiingia na kuzichukua protoni zilizo huru, molekuli nyingine huachilia zake kujaza pengo, na mwendo huo huendelea mpaka asidi yote imalizike. Kwa hiyo nguvu ni tabia ya asidi yenyewe, ambayo huwezi kuibadilisha kwa kuongeza maji, ilhali ukolezi ni kiasi ulichokiyeyusha wewe. Asidi dhaifu iliyokolea yaweza kuunguza ngozi, na asidi yenye nguvu iliyozimuliwa sana yaweza isikudhuru.

Kipimo cha pH, alichokibuni Søren Sørensen mwaka 1909 huko Copenhagen, ni cha logi, ndiyo maana kushuka kwa hatua moja ni kuongezeka kwa ioni za hidrojeni mara 10.

Kutayarisha besi na vyombo

Vaa miwani ya usalama kabla ya kugusa chupa yoyote. Hidroksidi ya sodiamu huharibu jicho haraka kuliko wengi wanavyodhani, na ikiingia, osha kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15 huku ukitafuta msaada wa daktari. Unapozimua asidi iliyokolea, mimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, wala usimimine maji ndani ya asidi, kwa sababu joto linalotoka laweza kuyachemsha maji papo hapo na kurusha asidi usoni. Pipeti, yaani mrija wa kuchotea kiasi kamili cha kimiminika, isivutwe kwa mdomo kamwe.

Hidroksidi ya sodiamu haifai kupimwa kwenye mizani na kuaminiwa, kwani hufyonza unyevu na kaboni dioksidi kutoka hewani hata ukiwa unaitazama. Tengeneza mmumunyo unaokaribia moli 0.1 kwa lita, kisha utafute ukolezi wake halisi kwa kuufanyia titresheni dhidi ya asidi iliyo yabisi, safi na isiyofyonza unyevu. Inayotumika zaidi ni potasiamu hidrojeni fthalati: gramu 0.51 zake humaliza karibu mililita 25 za besi yenye moli 0.1 kwa lita.

Suuza bureti, yaani mrija mrefu wenye alama za vipimo na bilula chini yake, kwa maji yaliyokenekwa, halafu kwa besi yenyewe. Suuza pipeti kwa maji hayo, halafu kwa asidi unayoipima. Flaski ya koni isuuzwe kwa maji tu. Wanafunzi wengi huiona tofauti hii kama desturi isiyo na sababu, lakini sababu ipo: matone ya maji yaliyobaki ndani ya bureti au pipeti hupunguza ukolezi wa kile unachokipima, ilhali maji yaliyomo kwenye flaski hayaongezi wala hayapunguzi hata moli moja ya asidi uliyoiweka humo.

Kuchagua kiashiria

Kiashiria ni kitu kinachobadilika rangi pH inapobadilika, na hapa ndipo tofauti kati ya asidi yenye nguvu na asidi dhaifu inapoonekana kwa macho. Weka mililita 25 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita, na udondoshe besi yenye ukolezi uleule. Zikiwa zimeingia mililita 24.95, pH bado ni 4 hivi, zikifika 25.05, imeruka hadi 10. Ruko hilo lote limeletwa na matone mawili. Kiashiria chochote kinachobadilika rangi katikati ya namba hizo, au karibu nazo, kitakupa jibu zuri.

Kwa asidi ya asetiki mambo ni tofauti, kwa kuwa chumvi inayobaki ina tabia ya besi na pH mahali pa usawa, yaani pale besi iliyoingia inapotosha kubatilisha asidi yote, ni karibu 8.7. Methili oranji, inayobadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, itakuwa imekwisha kugeuka kabla hata theluthi moja ya asidi haijabatilishwa. Tumia fenolfthalini, inayogeuka kutoka isiyo na rangi hadi ya waridi kati ya 8.2 na 10. Matone mawili au matatu yanatosha, maana kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu na kikizidi kitakula besi yako.

Kudondosha, kusoma na kukokotoa

Jaza bureti, ondoa kiputo cha hewa kwenye ncha yake, na uondoe faneli ili isidondoshe kitu baadaye. Soma chini ya mbonyeo wa kimiminika, jicho likiwa usawa wake. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski, fungua bilula huku ukitikisa, na rangi ya waridi inapoanza kuchelewa kutoweka, endelea kwa tone moja moja. Kikomo ni waridi hafifu inayodumu sekunde 30. Ikififia baadaye usiongeze besi. Ni kaboni dioksidi ya hewani inayoingia. Rudia mpaka upate vipimo vinavyotofautiana kwa mililita 0.1 au pungufu, bila kuhesabu kile cha kwanza cha kukadiria.

Tuseme mililita 25.0 za asidi ya asetiki zimetumia mililita 20.8 za besi yenye moli 0.100 kwa lita. Besi iliyotumika ni moli 0.00208, na kwa kuwa molekuli moja ya asidi hii hutoa protoni moja, asidi nayo ni moli 0.00208. Gawanya kwa lita 0.0250 upate moli 0.0832 kwa lita. Zidisha kwa 60.05 upate gramu 5.0 kwa lita. Ingekuwa asidi ya sulfuriki, inayotoa protoni mbili, moli za besi zingegawanywa kwa mbili kwanza.

Ukimaliza, mwaga besi iliyobaki na usuuze bureti siku ileile, kwa sababu hidroksidi ya sodiamu hula kioo na bilula ya kioo ikiachwa nayo hunasa isifunguke tena.