Kumwatamisha kuku koo bila kupoteza mayai
Koo wangu mwekundu akianza kuatamia, simwachii mayai yote. Nachagua 12, yasiyozidi wiki moja tangu yatagwe, na kila moja naliandika tarehe kwa penseli. Kiota ni beseni bovu lenye majani makavu na majivu. Majivu usiyadharau: mwaka jana sikuweka, utitiri ukamtoa kiotani siku ya 15, mayai yote yakaoza. Siku ya 7, usiku, namulika kila yai kwa tochi ya simu. Lenye mishipa kama mizizi narudisha; lililo jeupe tupu ndani naondoa. Maji na pumba viwe karibu, maana akitoka harandi sana. Siku ya 21 usimsaidie kifaranga kubomoa ganda. Nilijaribu, akanifia kiganjani.